Kabla ya rangi na injini, Land Rover ya zamani ifungwe breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Hivi karibuni gazeti lako lilitoa picha za Land Rover za zamani zilizofufuliwa: rangi inang'aa, matairi mapana yametokeza nje ya bodi, taa ndefu zimepangwa juu ya paa, viti vya ngozi ndani. Nimezipenda, sikatai. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, hata huku kwetu Nyanda za Juu Kusini watu wameanza kuzitoa vichakani na kwenye mabanda ya kuku. Ila katika maelezo yote yaliyoandikwa chini ya picha zile, hakuna mwenye gari hata mmoja aliyeulizwa gari lake linasimamaje.

Mimi si fundi. Ni mwanamke mfugaji wa Isongole, wilaya ya Rungwe, na pamoja na maziwa ya ng'ombe wangu nakusanya ya majirani nayapeleka Uyole na Mbeya mjini kila asubuhi. Gari langu ni Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, pikapu, ambalo marehemu baba alilinunua kwenye mnada enzi zile mashirika ya umma yanauza mali zake. Halijawahi kwenda kwenye maonyesho. Linabeba madumu ya maziwa, majani ya ng'ombe, pumba, saruji, na kuna siku limebeba bibi harusi na kwaya yake yote. Kwa hiyo ninachosema ni cha mtu anayewasha gari saa kumi na moja alfajiri kwa sababu maziwa yakichelewa yanaganda na mteja hataki maelezo.

Wasomaji wasiojua njia yetu niwaeleze kidogo. Isongole iko juu ya meta 2,000. Ukitoka hapo unapita Isyonje, kisha unateremka kwenda Uyole, na barabara ni ya lami nzuri ambayo ndiyo hiyo inayotumiwa na mabasi ya Kyela, malori ya mpaka wa Kasumulu, Fuso za viazi na bajaji zisizo na taa za nyuma. Ukungu unaweza kukaa hadi saa tatu asubuhi. Ukishafika Uyole ukaenda upande wa Dar es Salaam unakutana na Mlima Nyoka, ambao madereva wa malori wanaujua vizuri kuliko mimi. Mtu wa huku hahitaji kuhubiriwa kuhusu mteremko.

Kaka yangu aliyeko Dar alinishauri niuze "chuma hicho", niongeze hela, niagize gari Japani. Tukapiga hesabu kwenye simu hadi salio likaisha. Gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na lile ambalo mfuko wangu ungelifikia ni gari dogo la chini. Gari hilo likiingia njia za vijijini upande wa Kitulo mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, linalaza tumbo kwenye tope na linabaki pale hadi lije Land Rover ya mtu kulivuta. Nikamwambia, kaka, la kwangu litabaki, nitalitengeneza polepole kadiri ng'ombe wanavyoruhusu. Na kweli ndivyo nilivyolipia: breki na taa zilitokana na mtamba mmoja niliyemuuza, injini ikaja baadaye kwa ng'ombe wawili wenye mimba. Huo mpangilio, mtamba kwanza ng'ombe baadaye, ndio ninaoutetea katika barua hii.

Vijana wengi wanaanza na injini. Naelewa kwa nini. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nyingi zilizoletwa huku zina injini ya petroli ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi kama 70. Hao farasi ni wa usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupungukiwa takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo Isongole farasi wanaobaki hata 60 hawafiki. Na inakunywa: lita moja haikupeleki mbali zaidi ya kilomita 5 au 6. Mtu akilikuta gari la namna hiyo linahema mlimani, kitu cha kwanza anachowaza ni kufunga injini ya Toyota.

Sasa fikiria. Gari lilelile lililokuwa linapanda taratibu na kushuka taratibu, umelipa nguvu mpya. Sasa linashuka Mlima Nyoka kwa kasi ambayo breki zake hazikuwahi kuijua, na breki zenyewe ni zilezile za dramu magurudumu yote manne, zilizobuniwa enzi ambazo gari lililokuwa mbele yako nalo lilikuwa Land Rover.

Nilipolipeleka langu gereji, Mwanjelwa, fundi hakugusa boneti. Alipiga jeki nyuma, akafungua tairi la kushoto, akaligonga dramu kwa nyundo ya mpira hadi likaachia. Ndani kulikuwa na uji mweusi. Sili ya habu ilikuwa imechoka, mafuta ya difu yakawa yanapenya na kulowesha brekishuu, yale mapande yanayobana dramu ukikanyaga. Akafuta moja kwa kitambaa akanipa: "Mama, shika hapa." Lilikuwa linateleza kama sabuni ya kufulia. Akaniambia hilo gurudumu lilikuwa halifungi kabisa, na ndiyo maana gari nikikanyaga breki lilikuwa linavuta kulia. Mimi nilikuwa najua kwamba linavuta kulia. Kila anayeendesha Land Rover ya zamani anajua la kwake linavuta wapi, na wengi wanalifanyia mzaha kana kwamba ni tabia ya gari.

Kazi iliyofanyika haikuwa ya ajabu. Sili mpya nyuma na mbele. Dramu zilipelekwa kwa mtu wa mashine ya kuchonga vyuma zikasawazishwa, kwa sababu zilikuwa zimeliwa zikaacha ukingo. Brekishuu zikabandikwa lainingi mpya. Silinda ndogo za kwenye magurudumu zikabadilishwa zote, si ile iliyokuwa inavuja peke yake. Paipu za chuma zilizokuwa zimeshikwa na kutu na zile za mpira zilizopasuka zikatupwa. Halafu likaja jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la aina hii aliangalie leo: langu lilikuwa na masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, ya njia moja. Maana yake paipu moja ikipasuka popote, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa wakati mmoja. Tulifunga masta silinda ya njia mbili, ya mbele na ya nyuma mbalimbali, pamoja na busta yake, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma pedeli, vyote vya mtumba kutoka Toyota. Ilibidi kuchonga kibati cha kuishikia na kurekebisha fimbo ya pedeli. Fundi aliipima fimbo ile na kuikata mara kadhaa, maana ikiwa ndefu kidogo tu breki hazilegei vizuri zinapata moto, na ikiwa fupi pedeli inazama kabla ya kushika.

Na mafuta ya breki, jamani. Wapo wanaojazia kitu chochote chekundu kilichobaki gereji. Hayo mafuta mengine yanavimbisha mipira ya ndani. Hata yale sahihi yanazeeka, kwa kuwa yananyonya unyevu wa hewani: DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi joto 230, iliyokwisha kunyonya maji inaweza kuchemkia kwenye 155. Ikichemka katikati ya mteremko inafanya mapovu, na mapovu hayasukumi kitu, pedeli inakwenda hadi sakafuni. Chupa ya mafuta mapya haifiki bei ya dumu la maziwa yangu.

Kuna wanaouliza habari za breki za diski. Ni nzuri. Land Rover 110 iliyotoka 1983 ina diski mbele, na wapo wanaong'oa ekseli yake nzima kuihamishia kwenye 109. Lakini 110 inakalia springi za koili na 109 inakalia springi bapa, kwa hiyo lazima vikalio vichomelewe upya, na ekseli yenyewe ni pana kuliko ya zamani. Mwenye hela afanye. Mimi sikuwa nazo, na dramu zilizotengenezwa sawasawa zinanisimamisha na mzigo nyuma bila kuvuta kulia wala kushoto.

Taa zilikuwa za pili, na hapa ndipo hela kidogo inafanya kazi kubwa. Taa za Series III ni za duara za inchi 7, saizi ambayo magari mengi ya zamani yaliitumia, kwa hiyo vioo vipya vya kupokea balbu ya halojeni vinapatikana bila kusumbuka. Tatizo si balbu tu. Kiwandani umeme wa taa ulipitishwa kwenye swichi ya dashibodi na nyaya nyembamba zenye umri wa kustaafu, ukifika mbele umeshachoka. Fundi umeme aliweka rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, karibu na betri, akavuta waya mnene kwenda kwenye taa, swichi ikabaki ya kuamrisha rilei tu. Usiku huohuo niliona alama za barabarani za Isyonje ambazo sikujua kama zipo. Taa zote mbili, rilei na waya havikufika bei ya tairi moja. Zile taa ndefu za juu ya paa sizitaki: kwenye ukungu mwanga unarudi machoni mwako mwenyewe, na siku ya kiangazi unampofusha dereva wa basi anayekuja na watu sitini.

Usukani nao ulikuwa na mchezo, unazungusha kwanza ndipo gari linakumbuka kugeuka. Kwenye Series III kuna bolijointi 6 kati ya usukani na magurudumu, na kila moja ikilegea kidogo jumla yake inakuwa kubwa. Zikabadilishwa. Springi zilifunguliwa, kile chuma cha ziada ambacho mtu fulani aliwahi kukiongeza ili abebe mbao kikatolewa, vingine vikasuguliwa na kupakwa grisi, bushi zikawa mpya. Gari likaacha kuruka kama mbuzi. Mikanda ya usalama tulifunga kwa bolti zinazopita kwenye chuma chenye pleti nene nyuma yake. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, ukifungia mkanda hapo siku ya ajali unatoka na kipande chake.

Baada ya hayo yote ndipo nikauza wale ng'ombe wawili.

Kuna shabiki mmoja alinisihi nifunge 1HZ, ile ya Land Cruiser ya silinda sita, lita 4.2. Nikamwuliza, giaboksi je? Giaboksi ya Series III ilitengenezwa kwa injini ndogo. Ukiipa nguvu zile utaanza kununua gia, na uzito wote ule unakaa juu ya ekseli ya mbele. Mimi nilichagua 3L, dizeli ya lita 2.8 ya silinda nne, ileile iliyojaa kwenye Hilux na Hiace za mtaani, maana hata Kiwira naweza kupata spea yake jioni. Haina nguvu za kutisha. Inatosha.

Injini ya Toyota haikai kwenye giaboksi ya Land Rover bila pleti ya chuma katikati, na hiyo pleti ndiyo inayotofautisha fundi na mbabaishaji. Shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini. Ikienda pembeni unene wa unywele, gari litatembea, lakini klachi itakufa na beringi itaanza kulia baada ya miezi. Fundi wangu alifunga pleti bila injini kukamilika, akabandika saa ya kupimia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki, akawa anazungusha krenki kwa spana kwa mkono, taratibu, macho kwenye sindano. Sindano ilikuwa inapanda kila ikifika upande wa juu. Akafungua, akapeleka pleti kuchongwa tena. Akarudia. Mchana ukaisha, vijana wenzake wanamcheka, yeye hana habari nao. Aliponiita nione, mduara mzima ulizunguka na sindano imetulia. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, akadai chai.

Sasa, ndugu zangu mnaofunga dizeli, nawaomba msome hapa mara mbili. Busta ya breki inafanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli inautoa mvuto huo bure kwenye njia yake ya kuingizia hewa. Dizeli haiutoi. Ndiyo maana Toyota wameweka pampu ndogo ya mvuto nyuma ya oltaneta (ile inayochaji betri) ya 3L, pamoja na njia zake za oili. Mtu akinunua injini bila oltaneta yake, au akaona pampu inavuja oili akaiziba, akafunga oltaneta yoyote aliyoikuta, gari linawaka, linapanda mlima vizuri, watu wanapiga makofi. Busta imekufa. Pedeli inakuwa ngumu kama jiwe la kinu, na dereva anaambiwa ndivyo Land Rover zilivyo. Nimekaa kwenye gari la namna hiyo, la mtu ninayemheshimu, na nilishuka mapema kuliko nilivyopanga.

Kipimo chake hakihitaji gereji. Zima injini. Kanyaga breki mara kadhaa hadi pedeli iwe ngumu. Acha mguu ukiwa umekanyaga, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta iko hai. Isipozama, gari lisiende mlimani.

Dizeli pia haikubani kwenye mteremko kama petroli unapoachia mafuta, kwa kuwa haina ule mlango wa kuziba hewa. Hivyo gia ndogo ianze kabla ya mteremko, na breki zenyewe ziwe zima. Unaona, Mhariri, kila ukigusa injini unarudi kwenye breki.

Neno kuhusu karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chasisi. Ukibadilisha injini, taarifa zibadilishwe TRA, na risiti na nyaraka za injini uliyonunua ziwepo, usije ukalala kituoni ukielezea injini imetoka wapi. Na chasisi: kutu ya Land Rover inakaa chini, tope linapojikusanya, siyo kwenye bodi. Kuchomelea ni halali yako, ila namba ya chasisi ya Series III imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na inaposhikia springi. Mchomeleaji asiyejua anaweza kukata kipande hicho akakitupa kwenye lundo la chakavu, na hapo gari lako limekosa jina.

Matairi mapana nayasema kwa ufupi. 109 ilitoka na 7.50-16, na bado yanauzwa kwa sababu magari ya mizigo na Land Cruiser yanayatumia. Ukiweka makubwa zaidi, usukani unakuwa mzito, mlima unakushinda, na breki zinapata kazi zaidi kulishika gurudumu. Unalipia hela nyingi ili gari liwe baya.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mtakapotoa tena picha za magari haya, mwandishi aulize masta silinda ni ya njia ngapi, busta inapata wapi mvuto, na kadi inasomeka injini gani. Wakubwa wa Usalama Barabarani wa mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa nao, wanapokagua magari, wasiishie kwenye stika na kizima moto. Wakikuta dizeli ndani ya Land Rover wafanye kile kipimo cha pedeli, dakika moja kinaisha. Na vyuo vya VETA vingewapa mafundi wetu wa chini ya miembe mafunzo ya jioni ya breki peke yake, wangekuja. Wa kwangu amesema angekuwa wa kwanza, mradi yasiwe siku ya soko.

Lililobaki kwenye gari langu ni hita, maana Juni Isongole vidole havishiki usukani, na milango inayopitisha upepo. Hayo yatasubiri ndama akue. Mwenye 109 anayetaka kuona masta silinda ilivyofungwa, au pleti ilivyokaa, mimi hushusha madumu Uyole kabla ya saa mbili asubuhi, gari la kijani lenye mlango mmoja mweupe. Aje na tochi, na asiegeshe mbele yangu, nina maziwa ya kuwahisha mjini.

Mfugaji,
Isongole, Rungwe